Naomba ushauri: nisomee ualimu wa yoga hata kama sina nia ya kufundisha?

Mwalimu wa Hisabati, Arusha
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha shule ya sekondari, na huu ni mwaka wa nne nikifanya yoga, kwanza kwa sababu ya maumivu ya kiuno, kisha kwa sababu niligundua kwamba siku ninayoianza mkekani siwakaripii wanafunzi ovyo. Sasa nimepata nafasi ya kusomea ualimu wake, kozi ya saa 200 itakayofanyika mwishoni mwa wiki kwa miezi sita, na ada yake itameza akiba yangu ya mwaka mzima. Sitaki kuacha kazi wala kufungua darasa la kulipisha watu. Mume wangu hanikatazi, ila ameniuliza swali lililonishinda: kama hutafundisha, utapata nini ambacho hukipati ukifanya mazoezi nyumbani? Naomba mliopitia njia hii mnijibu kwa ukweli.

Mkunga, Nairobi
Mwalimu, nami niliingia nikiwa na nia kama yako. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifanya ule mkao wa kuinama, mikono na miguu ikiwa chini na nyonga zikiwa juu, huku nikilazimisha visigino viguse sakafu na mgongo ukipinda kama upinde. Katika somo la viungo na misuli ndipo nilipoelewa kwamba misuli ya nyuma ya mapaja yangu imekaza na inavuta nyonga, na kwamba nikikunja magoti kidogo mgongo hunyooka wenyewe. Nyumbani hakuna wa kukuonyesha kosa kama hilo, wala wa kukueleza sababu yake.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni zoezi la kuwaongoza wenzangu kwa maneno tu, bila kuwaonyesha. Nilikuwa nasema mno, maelekezo juu ya maelekezo, hadi mkufunzi akaniagiza nisubiri pumzi tatu kabla ya kuongeza neno. Utaratibu huo niliuhamishia wodini: mama mwenye uchungu nilimwambia jambo moja, kisha nikanyamaza, nikamtazama anavyopumua. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka tisa bila kujua kwamba sauti yangu ilikuwa ikiwaongezea hofu.

Mfanyabiashara, Mombasa
Dada, naongeza upande wa imani, kwa kuwa ndio ulionikosesha usingizi. Kozi nyingi hufundisha falsafa ya Patanjali, mwanafikra wa kale wa India, yenye nguzo nane, na mikao ya mwili ni nguzo ya tatu tu. Ya kwanza inahusu mwenendo, ikiwemo kutodhuru, kusema kweli na kutoiba. Hayo hayakunisumbua mimi Mwislamu. Penye kuimba maneno ya kidini niliomba mapema ninyamaze, nikakubaliwa. Uliza kabla ya kulipa.

Fundi Seremala, Kampala
Mimi nina tahadhari. Nilimaliza kozi, na sijutii, lakini kwa miezi kadhaa mazoezi niliyoyapenda yaligeuka kuwa kazi ya shule, na goti liliuma kwa kurudia mikao ileile wikendi nzima. Kama kiuno bado kinakusumbua, mwone kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa maana saa 200 ni kiwango cha kuanzia ualimu tu, wala hazimfanyi mtu kuwa tabibu. Na usikope.

Mwalimu wa Hisabati, Arusha
Ahsanteni sana. Sitakopa, na kiuno nitakipeleka kuchunguzwa kabla ya kulipa chochote. Mkunga, jibu lako nimelisoma mara tatu, kwa sababu mimi pia huuliza swali darasani na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua kinywa; mume wangu nimemwonyesha, akasema hilo analifahamu kuliko mimi. Jumamosi nimeruhusiwa kuketi kama mtazamaji. Nitauliza habari za kuimba na za kulipa kwa awamu, na zaidi ya yote, kati ya hizo saa 200, ni ngapi ambazo kila mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na kurekebishwa.