Mrejesho: meza za nje na kibali cha ngoma, Mtwara

Wakuu, niliuliza kama naweza kupanga meza nje ya mgahawa wangu Shangani na kuleta ngoma ya sindimba Jumamosi moja. Meza nne zipo nje tangu juzi! Mlionielekeza nianze kwa mtendaji wa kata, asanteni mno.

Kilichonikwamisha ni mtaro ulio mbele ya mlango. Nilidhani hapo ni pangu, kumbe ni hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, na hizi barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikarudisha meza ndani ya mpaka wangu. Waenda kwa miguu wanapita vizuri, na kwa kweli hata mimi napenda hivyo.

Ngoma ni kibali kingine kabisa. Hicho bado nasubiri, na wazee wameshaanza kuwamba ngoma zao.