Naomba ushauri: Matembezi ya siku moja kwenye theluji ya Mlima Rainier mwezi Februari

Mleta uzi (Kent, Washington)
Wadau, habari zenu. Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, na katika siku chache za baridi ambazo mawingu huondoka, Mlima Rainier huonekana kutoka kazini kwetu ukiwa mweupe wote. Mwezi Februari ninakusudia kwenda Paradise, upande wa kusini wa mlima, nipande hadi Panorama Point, ambako siku ikiwa angavu mtu huona volkano nyingine tatu, yaani Adams, St. Helens na Hood iliyoko Oregon, kisha nirudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilishafika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu, kwa hiyo mita 2,070 hivi za Panorama Point hazinitishi. Yanayonitatiza ni mawili. Kwanza, je, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linahitaji minyororo ya matairi? Pili, mke wangu ni mzaliwa wa Goma, aliishuhudia lava ya Nyiragongo ikipita mjini mwaka 2002, na hataki kusikia habari za kukanyaga volkano kwa starehe. Nimwambie nini?

Mchangiaji wa Tacoma
Ndugu, minyororo ni lazima. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Mei kila gari linaloingia hifadhini linatakiwa kuwa nayo, hata hilo lako, na hata siku ambayo lami ni kavu. Vilevile usitoke nyumbani kabla ya kusoma taarifa ya barabara ya asubuhi hiyo, kwa maana lango la Longmire, lililo kwenye barabara ya kupanda Paradise, halifunguliwi kila siku wakati wa baridi, na likifunguliwa hufungwa tena kabla ya usiku.

Mchangiaji wa Yakima
Shemeji yetu ana haki ya kuogopa, ila kwa siku hiyo moja anaogopa kitu kisicho karibu. Rainier ni volkano hai iliyolala, na wataalamu huifuatilia kwa vipimo vya mitetemeko. St. Helens yenyewe, iliyoua watu 57 tarehe 18 Mei 1980 na kupoteza takribani mita 400 za kimo chake, ilikuwa imetikisika na kufuka kwa muda wa miezi miwili kabla ya siku hiyo. Theluji haitoi onyo la namna hiyo.

Hapo ndipo Kilimanjaro yako haikusaidii, mkuu. Kule ulikuwa na kiongozi aliyeijua njia, na njia yenyewe ilionekana. Paradise ni miongoni mwa sehemu zinazopata theluji nyingi kupindukia. Majira ya 1971 hadi 1972 zilianguka zaidi ya mita 28, na njia ya kiangazi hufukiwa kabisa. Mteremko ulio chini ya Panorama Point ni mkali, na maporomoko mengi ya theluji hutokea penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Theluji mpya, au ile iliyosukumwa na upepo, hukaa juu ya tabaka dhaifu lisiloonekana, na mara nyingi uzito wa mtembeaji mwenyewe ndio unaoliachia. Kwa hiyo soma kila asubuhi taarifa ya NWAC, kituo kinachotoa utabiri wa maporomoko kwa eneo letu katika viwango vitano. Kikifika cha tatu, mimi sipandi huko hata mbingu iwe ya buluu namna gani.

Mchangiaji wa Portland
Nadhani tunamtisha mwenzetu kupita kiasi. Siku njema watu hupanda Panorama Point kwa wingi, na nyayo zao huonyesha njia.

Mchangiaji wa Yakima
Nyayo huonyesha tu mahali mtu alipopita, hazisemi kama alipaswa kupita hapo. Isitoshe, upepo huzifuta upesi, na ukungu ukishuka juu ya weupe ule huwezi kutofautisha ardhi na anga. Ramani iwe ndani ya simu kabla ya safari, na simu ikae mfukoni karibu na mwili, kwa kuwa baridi humaliza betri.

Mama wa Spokane
Mwanangu, usivae pamba. Ikilowa jasho, hukaa na ubaridi mwilini mchana kutwa. Beba miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. Hata sisi weusi theluji hutuunguza, kwa sababu inarudisha mwanga kutoka chini.

Mleta uzi
Nawashukuru nyote, shikamoo mama. Nimemsomea mke wangu majibu haya, naye amekubali kuja kwa sharti kwamba tusikanyage mteremko wa namna hiyo. Je, kuna njia ya tambarare yenye mandhari ya kuridhisha, na inahitaji vifaa gani?

Mchangiaji wa Tacoma
Pita Nisqually Vista, mzunguko mfupi usiofika kilomita mbili unaoanzia palepale Paradise. Hamtaziona Adams wala Hood, lakini Rainier yenyewe itakuwa mbele yenu pamoja na barafuto ya Nisqually, yaani ule mto wa barafu unaoteremka mlimani. Kodini katika mji mdogo wa Ashford, kabla ya lango la kuingilia hifadhini, vile viatu vipana vinavyofungwa juu ya buti ili msizame. Asubuhi ndiyo nzuri, kwani mawingu hupenda kupanda mchana.