Ampu (kikuza sauti) ya Marekani ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 240

Mpenda Besi, Kampala: Wakuu, ampu yangu ni ya 120V 60Hz, nyuma imeandikwa 480W, haina swichi ya kuchagua volti. Nibadili waya ndani au ninunue transfoma ya kushusha?

Fundi wa Jinja: Chomoa, subiri kapasita zimwage chaji (hakikisha kwa mita), kisha hesabu waya za upande wa umeme kwenye transfoma. Zikiwa mbili tu, nunua transfoma ya nje ya kushusha, VA 1000 (VA ni kipimo cha uwezo wake), maana ampu huvuta mkondo mkubwa sana inapowashwa. Vile vigeuzi vyepesi vya volti vya kutumia na pasi usiviguse, vinakata wimbi la umeme. Zikiwa nne, mara nyingi ni koili mbili za 120V zilizo sambamba. Kwa 240V ziunge mfululizo, mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine. Ukigeuza moja, sumaku zao zinafutana na transfoma inakuwa shoti. Jaribu kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya unaowaka (si LED) ya 100W iliyofungwa mfululizo: imulike, ififie. Ikibaki kali, zima. Fyuzi ipunguze nusu: 6A ya kuchelewa kukatika iwe 3A ya aina hiyohiyo.

Santuri, Mbale: Kagua pia transfoma ndogo ya stendibai, ndiyo husahauliwa ikaungua. Halafu soma lebo: ikisema 60Hz pekee, chuma cha transfoma hupata moto zaidi kwa 50Hz. Kama una pleya ya santuri yenye mota ya sinkronasi (kasi yake hufuata hezi za umeme), transfoma haibadili hezi. Kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika itashuka hadi 27.8 mpaka ubadilishe puli.