Ukoo wa Bibi Mwanaidi

Mama Rukia: Shikamooni wakubwa. Tumetoka kupima ubongo kwa ajili ya kile kifafa. Rukia kabandikwa waya 21 kichwani. Misuko ya juzi yote imefumuliwa, 15,000 yangu imekwenda 😭

Mjomba Hamisi: Marahaba. Si walisema asisuke?

Mama Rukia: Walisema asipake mafuta. Kusuka hawakutaja!

Shangazi Zuhura: Mtoto kapigwa umeme??

Idi (Bonn): Shikamoo shangazi. Hawampigi, wanausikiliza umeme wa ubongo wenyewe. Ni mdogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa binadamu mwaka 1924.

Mama Rukia: Kila akifumba macho mistari ilibadilika.

Idi (Bonn): Mawimbi ya alfa hayo dada, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Ukifumbua yanafifia.

Shangazi Zuhura: Na akianguka kifafa yanavurugika?

Idi (Bonn): Nami nilidhani hivyo. Kumbe kinyume! Chukua soko la Mgandini: kila mtu na lake, kelele tupu, ila biashara inakwenda. Sasa soko zima lipige makofi kwa mpigo mmoja.

Mjomba Hamisi: 👏👏👏 Hapo hata nyanya huuzi

Idi (Bonn): Ndiyo kifafa. Mwaka 2001 watafiti wa hapa Bonn walichambua vipande 500 vya rekodi, kila kimoja sekunde 23.6. Za watu wazima wa afya waliofumbua macho zilifanana na mawimbi ya kubahatisha. Za wakati wa kifafa ndizo zilizoonyesha waziwazi kwamba kuna kanuni inayoziendesha.

Mama Rukia: Basi kama kuna kanuni, mashine iniambie kesho ataanguka saa ngapi. Roho yangu iko kisimani kila asubuhi.

Idi (Bonn): Miaka ya 1990 walidai wanaiona dalili dakika kadhaa kabla. Walipojaribu kwenye rekodi za siku nyingi, mengi yakaporomoka. Ni kama kutabiri mvua, kosa dogo la mwanzo linakua upesi. Mwaka 2013 Australia walitoa majibu ya watu 15 waliopandikizwa kifaa kichwani: wengine kiliwaonya vizuri, wengine wapi.

Mama Rukia: Kwa hiyo?

Idi (Bonn): Dawa kwa saa yake, dada, na asikeshe. Kisimani asiende peke yake.

Shangazi Zuhura: Nitakwenda naye mimi.

Mjomba Hamisi: Nimetuma 15,000. Asisuke mpaka majibu yatoke, wasije wakamrudisha kwenye waya.