Kiwanja cha ufukweni Sengerema, na hela za nyumbani

Habari za mliko, wanajamvi.

Kaka yangu anavua dagaa wa Ziwa Victoria, mwalo mmoja wa Sengerema. Kila mwezi simu yake inaingia, na ni ya hela. Sasa kanitafutia na kiwanja, maji yapo hatua chache tu kutoka hapo. Anasema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wanagombania. Nitume?

Mdogo wenu, Leeds

*

Mdogo wangu, pole na baridi.

Nianze na simu. Tafuta kalenda inayoonyesha mwezi angani, uilinganishe na tarehe anazopiga. Dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kukiwa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala mwaloni, watu wanashona nyavu na nyumba inakula akiba, kama ipo. Usimwite mvivu. Mimi niliacha kutuma siku ya mshahara wa huku. Natuma mwezi ukikaribia kuwa mpevu, na lawama zimepungua. (Ada haingoji mwezi, hiyo nailipa shuleni moja kwa moja.)

Halafu masika. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa wanaharibika, wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Muulize kama ana vichanja vya kuanikia. Ni miti na nyavu kuukuu tu, lakini dagaa wake hawana mchanga, na wachuuzi wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hasa wanaopeleka Kongo, wanaijua tofauti. Hela ya kiwanja ningeiweka hapo.

Kiwanja chenyewe achana nacho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa nalo lina sheria yake: 2020 lilipanda likaingia majumbani, 2024 likarudia.

Dada wa Nansio, Aarhus

*

Dada, kwa vichanja nakuunga mkono. Ila ardhi ya Sengerema asiikatie tamaa, atazame mbali na maji, kando ya barabara ya kwenda Geita. Magari hayapangi tena foleni ya kivuko pale Busisi, kwa hiyo biashara itaifuata lami. Kama ni ardhi ya kijiji, asilipe kabla halmashauri ya kijiji haijaridhia kwa maandishi. Na mdogo wetu, kama umeshabadili uraia, hapo jina lako halikai, sema mapema.

Mzee wa Misungwi, Toronto