Ushauri: laki nane, nichukue pleya ya santuri, deki ya CD au nilipie muziki wa mtandaoni?

KijanaWaMburahati
Wakuu, heshima kwenu. Nina laki nane na wikiendi hii nataka nimalizane nayo. Nimechoka na muziki unaosikika kama umepigiwa ndani ya ndoo. Juzi nilikuwa kwa jamaa yangu Mbezi, akaweka CD ya dansi la zamani, nikasikia mpaka mpiga besi anavyohamisha vidole. Nimerudi nyumbani nikautafuta wimbo uleule kwenye simu, besi imekuwa uji.

Nina njia tatu. Pleya ya santuri, ipo moja nimeiona Kariakoo. Deki ya CD iliyotumika, ya Japani. Au nibaki na simu, nilipie ule muziki wa mtandaoni wa ubora wa juu na ninunue DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa sauti. Ipi inatoa sauti halisi? Nataka majibu ya waliotumia, siyo ya waliosoma.

KeleleTupu
Njia ya nne: mpe mama watoto hiyo laki nane, utasikia sauti halisi ya furaha.

FundiSpika
Mleta mada, umetaja kila kitu isipokuwa kinachotoa sauti. Spika gani? Ampu gani? Chumba kikubwa kiasi gani, kina mapazia na zulia au ni tailizi tupu? Unasikiliza muziki gani hasa? Bila hayo tunapiga ramli tu hapa.

KijanaWaMburahati
Spika ni za sabufa ya kawaida, ile yenye vispika viwili pembeni. Chumba cha kawaida. Nasikiliza kila kitu.

FundiSpika
"Kawaida" mara mbili na "kila kitu" mara moja. Haya. Na huyo jamaa wa Mbezi, ile CD aliipigia kwenye spika gani?

BabuSanturi
Mwanangu, chukua santuri, mengine yote ni kujifariji. Mimi nilianza kununua santuri mwaka 1974, mshahara wa kwanza. Ukiweka sindano, kabla hata gitaa halijaingia, unasikia chumba walichokaa. Hii ya kompyuta inakatakata sauti vipande vipande halafu inaviunganisha. Sikio linajua, hata kama wewe hujui. Wanamuziki wa leo wanaimba kila mtu na siku yake, mashine inawaunganisha. Zamani pale Redio Tanzania bendi nzima inaingia studio, inapiga kwa pamoja, ukikosea mnaanza upya wote.

BintiStudio
Shikamoo babu. Kwenye kupiga pamoja nakuunga mkono asilimia mia. Kwenye vipande vipande, hapana. CD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hesabu inaonyesha kwamba mawimbi yote mpaka karibu kilohezi 20 yanarudi kamili, hayana ngazi wala matundu. Sikio la mtu mzima halifiki hata huko juu.

Kinachowauma wengi ni kitu kingine, na watu wanakichanganya kwa sababu vyote tunaviita "kubana". Kuna kubana faili: wimbo wa dakika nne kwenye CD ni kama megabaiti 42, ukiufanya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde unabaki na megabaiti 4 hivi. Hapo kuna vitu vimetupwa kweli, matoazi yanaanza kusikika kama maji ya bomba. Halafu kuna kubana sauti yenyewe studio: ya chini inapandishwa, ya juu inakatwa kichwa, wimbo mzima unakuwa ukuta. Huo wa pili hautibiki kwa DAC wala kwa santuri. Umeshapikwa hivyo jikoni.

Mfano maarufu ni albamu ya Death Magnetic ya bendi ya Metallica, 2008. Mashabiki waligundua kuwa nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua, wakati CD ya dukani ilikuwa imekandamizwa mpaka inakwaruza. Bendi ileile, siku zilezile za kurekodi, ila walioipika ni wawili tofauti.

KeleleTupu
Kwa hiyo wapishi ndio wabaya? Si ninyi hao?

BintiStudio
Ndiyo, ni sisi, na nitakwambia jinsi inavyokuwa. Mteja anakuja, nimemwachia wimbo unapumua vizuri, kiitikio kikiingia unashtuka. Anaondoka nao, anaupiga kwenye bajaji, anarudi: "Dada, wa fulani unasikika juu kuliko wangu." Napandisha. Anarudi tena. Mara ya tatu naachana naye, naukandamiza, anafurahi, analipa. Cha kuchekesha, Spotify inasawazisha nyimbo zote kuelekea LUFS -14, kwa hiyo ule uliokandamizwa unashushwa tu. Amepoteza mshindo, na ukubwa hakuupata. Nimeshaeleza mpaka nimechoka.

MpembaMtulivu
LUFS ndiyo nini, dada yangu?

BintiStudio
Kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia, kwa wastani wa wimbo mzima. Siyo kile kilele cha sekunde moja.

NairobiKwetu
Kijana, kabla hujatoa pesa Kariakoo, nisikilize mimi niliyeungua.

Miaka mitatu iliyopita nilishikwa na homa ya sahani, ndizo mnaziita santuri. Nikanunua pleya ya mkoba, nzuri kwa macho, ina vispika vyake ndani, shilingi elfu kumi na mbili za huku. Jumamosi nikaenda Kenyatta Market, nikachambua masanduku saa tatu, nikatoka na sahani kumi na moja, nyingine za Wanyika, nyingine za Kikongo. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa ploti. Majirani wanakuja kuangalia tu ikizunguka.

Mwezi wa pili nikaanza kusikia mchakacho kwenye sahani iliyokuwa safi. Nikasema vumbi. Nikaosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, bado. Nikasema stima, huku kwetu inapanda na kushuka. Nikanunua kifaa cha kutuliza umeme, bado. Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio mtaani. Akaushika mkono wa sindano kwa kidole kimoja, akaniuliza, "Huu una uzani gani?" Sikujua kama kuna uzani. Akaleta kijimizani kidogo: gramu sita. Akasema ungekuwa gramu moja na nusu au mbili. Ile sindano ilikuwa inalima, maze. Kila nilipopiga sahani nilikuwa naifuta. Na ile pleya haina pa kurekebishia, mkono ni plastiki umefungwa hivyo toka kiwandani.

Sijamaliza. Nikanunua pleya ya maana, nikaagiza sahani mpya iliyochapwa upya ya bendi ya zamani. Imefika, karatasi nzito, picha safi. Kuiweka, nasikia yale maji ya bomba aliyosema BintiStudio. Walichukua MP3 mahali, wakaichapa kwenye plastiki. Nimelipia MP3 bei ya mbuzi! Aliyeniuzia hajibu simu mpaka leo.

BabuSanturi
Pole mwanangu. Ndiyo maana nasema ununue za zamani, chapa ya kwanza.

MpembaMtulivu
Hata za wakubwa hazina dhamana. Mobile Fidelity ya California, wanaouza santuri za bei kali kwa sifa kwamba zinatoka moja kwa moja kwenye utepe wa asili, mwaka 2022 ilibainika kuwa kwa miaka walikuwa wanapitisha nyingi kwenye nakala ya dijitali kabla ya kuchonga. Na wale wenye masikio ya dhahabu, walioapa kwamba dijitali inawaumiza kichwa, walikuwa wamezisifu muda wote huo. Hakuna aliyesikia.

BabuSanturi
Labda walikuwa na pleya za mkoba.

MpembaMtulivu
Hawakuwa nazo, mzee wangu. Wengine sindano peke yake ni bei ya Vespa.

BintiStudio
Kuna jaribio la Meyer na Moran, 2007. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kiwango cha CD bila msikilizaji kuona ni lini. Majaribio 554, yaliyopatiwa ni 276. Hiyo ni kurusha sarafu. Kwa hiyo kijana, mtu akikuuzia faili za biti 24, yaani za ubora kuliko CD, kwa bei ya juu kwamba "utasikia tofauti", mwambie akufumbe macho kwanza.

FundiSpika
Naheshimu jaribio ila nabisha kidogo. Sikio linajifunza. Mimi kwenye ampu nasikia kapasita iliyochoka kabla sijafungua boksi, na mwaka wa kwanza wa ufundi nilikuwa sisikii. Ukimweka mtu asiyejifunza…

BintiStudio
Walikuwemo mafundi wa studio na watu wa hobi hii hii. Siyo abiria wa Kimara.

FundiSpika
Sawa. Lakini kapasita nasikia.

KeleleTupu
Naomba fundi afumbwe macho 🤣

DogoBando
Mnasahau bando. Muziki wa ubora wa CD, faili ikiwa imebanwa bila kutupa kitu, ni kama megabaiti 25 hadi 30 kwa wimbo. Nyimbo arobaini kwa siku umeshavuka giga moja. Apple Music wameweka ubora huo tangu Juni 2021 bila kuongeza bei, ila bando hawakulipii. Halafu wengi wanausikiliza kwa Bluetooth, ambayo inaubana upya. Hata LDAC, ile njia ya Bluetooth ya ubora wa juu, mwisho wake ni kilobiti 990 kwa sekunde, na CD ni 1,411. Mimi nina flashi ya MP3 za kilobiti 320 na nalala vizuri.

KijanaWaMburahati
Asanteni wakuu. Nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokuja. Kwa hiyo CD?

BintiStudio
Kwa laki nane, ningekuambia deki ya CD iliyotumika, na hela itakayobaki yote kwenye spika. Ila tafuta CD za miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, kabla ya ushindani wa kelele. Nyingi zilizoandikwa "imeboreshwa" zilipandishwa sauti tu. Tatizo lako ni kwamba dansi letu kwenye CD ni kidogo, na mengi yaliyoko mtandaoni ni mtu amerekodi redio kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa dukani, halafu mtu mwingine akaweka YouTube. Hapo unasikiliza mjukuu wa wimbo.

BabuSanturi
Hapo umesema. Sasa mtoto huyu akipata santuri yenyewe…

KijanaWaMburahati
Kuhusu hilo, sikusema mwanzo. Marehemu mzee aliacha boksi la santuri, lipo kwa shangazi Morogoro. Kama arobaini hivi, nyingi ndogo. NUTA Jazz zipo, Morogoro Jazz zipo. Na moja kubwa nzito ya tarabu, ilikuwa ya bibi.

FundiSpika
UNGESEMA MWANZO!

NairobiKwetu
Uzi mzima tunabishana hewa, kumbe kijana ana dhahabu Morogoro.

BabuSanturi
Hapo mjadala umefungwa. Pleya. Hizo ndogo ni za 45, yaani zinazunguka mara 45 kwa dakika. Kama zina tundu kubwa katikati utahitaji kipachiko. Zikague kama zimepinda, maana boksi likikaa karibu na bati zinakuwa kama chapati.

BintiStudio
Au usinunue pleya kabisa. Mtafute mwenye pleya nzuri, mlipe mziingize kwenye kompyuta mara moja kama faili zisizobanwa, asizisafishe kupita kiasi. Sindano zipite mara chache.

BabuSanturi
Binti, unataka kumnyima mtoto kusikiliza santuri za baba yake?

BintiStudio
Nataka mjukuu naye azisikie, babu.

MpembaMtulivu
Hiyo kubwa nzito ya bibi tafadhali usiiguse. Kama inavunjika kama sahani ya udongo ni ya 78, sindano ya kawaida ni nyembamba mno kwa mfereji wake, na pleya nyingi za leo hazina hata hiyo kasi. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye hizo. Lebo inasemaje? Weka picha.

KijanaWaMburahati
Shangazi hana simu ya picha. Namwomba asome, anasema kuna mbwa anasikiliza spika.

MpembaMtulivu
Subhanallah. Hiyo ni HMV, kampuni ya santuri yenye nembo ya mbwa. Kesho panda basi uende Morogoro.

KeleleTupu
Mbwa ana masikio kuliko wote humu.

FundiSpika
Bado sijajibiwa kuhusu chumba.

KijanaWaMburahati
Samahani fundi. Futi kumi kwa kumi, tailizi, hakuna zulia. Sabufa ipo juu ya friji.

FundiSpika
Juu ya friji!

FundiSpika
Yaani friji inanguruma, bati lake linatetemeka na besi, na wewe unalaumu muziki wa siku hizi. Ishushe leo, tandika mkeka, isogeze kidogo kutoka ukutani, halafu usikilize tena wimbo uleule kabla hujanunua hata waya.

KijanaWaMburahati
Nitajaribu, ila friji ndiyo meza pekee niliyonayo. Halafu yule wa Kariakoo amenipigia sasa hivi, pleya ameshusha mpaka laki tano na nusu, anasema kuna mwingine anaitaka jioni. Nimwambie anishikie?

NairobiKwetu
Muulize kwanza: nyuma ya mkono wa sindano kuna uzani unaozungushwa, au ni plastiki tupu?