Je, bakteria wa utumbo wana mkono katika uraibu wa pombe?

Mama Salma:
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu ameacha pombe chini ya uangalizi wa daktari, ila hamu ya kunywa bado inamsumbua, hasa usiku. Muuzaji mmoja wa virutubisho anadai kwamba chanzo ni bakteria wa tumboni, na kwamba akimeza vidonge vyake anaweza kuachana na dawa za hospitali. Kuna ukweli hapo?

Mfamasia wa Zamu:
Pole dada. Ukweli upo, lakini muuzaji ameuvuta mno. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa watu waliolazwa ili waache pombe: baadhi yao ukuta wa utumbo ulikuwa umelegea na bakteria wao wamebadilika, na hao ndio ambao, hata baada ya wiki 3 bila tone la pombe, walibaki na huzuni, wasiwasi na hamu kubwa zaidi ya kunywa. Inaelezwa kwamba ukuta ukilegea, sumu za bakteria hupenya hadi kwenye damu na kuuchokoza mfumo wa kinga, na vurugu hiyo huufikia ubongo. Hata hivyo, kuambatana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine.

Msomaji wa Pwani:
Naomba kuongezea. Huko Virginia, Marekani, wanaume 20 wenye uraibu wa pombe na ini lililosinyaa waligawanywa nusu kwa nusu. Kundi moja likapewa, kwa njia ya haja kubwa, kinyesi kilichoandaliwa cha mtu mwenye afya, na jingine kitu kinachofanana nacho kisicho na tiba yoyote, ili kulinganisha. Kufikia siku ya 15, hamu ilikuwa imepungua kwa 9 wa kundi la kwanza na 3 wa pili. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanatia moyo, lakini watu 20 ni wachache mno, na hawakumeza vidonge vya dukani.

Mama Salma:
Asanteni. Je, maziwa mgando yatamsaidia?

Mfamasia wa Zamu:
Kama chakula, ni mazuri. Kama tiba ya hamu ya pombe, hayajathibitishwa. Dawa asiziache bila daktari wake kujua. Kuhusu vidonge, nenda navyo kliniki pamoja na boksi lake, kwa sababu vidonge vya aina hiyo huweza kuwa na bakteria hai, nao wanaweza kumdhuru mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana.